Bakteria wa chupa kwa matangi ya maji ya chumvi: chupa ya baridi, chupa ya rafu na pakiti ya unga

Mtu akitaka kufungua tangi la maji ya chumvi linalozungusha maji yale yale, iwe la wazazi wa jongoo mchanga (jongoo bahari aishiye mchangani), la kupumzishia vifaranga vya samaki wa mwatiko au la samaki wa mapambo kwenye ukumbi wa hoteli Nungwi, ushauri wa kwanza atakaopewa ni anunue bakteria wa kusafisha uchafu wa samaki majini. Ushauri si mbaya. Tabu ni kwamba neno hilo moja linauzwa katika vyombo vitatu: chupa ya majimaji inayotakiwa ikae kwenye friji, chupa ya majimaji inayokaa kwenye rafu ya duka, na pakiti ya unga. Majina yao yanafanana kuliko kazi zao. Hapa tunavipima vyote vitatu kwa hali ya Unguja na Pemba, pamoja na cha nne kisichouzwa, yaani kokoto zilizokomaa, zenye bakteria wake tayari, kutoka tangi la jirani.

Wako wasiohitaji kununua chochote. Bwawa la mwatiko linalofunguliwa mlango wa maji kila bamvua halina haja ya chupa, kwani uchafu hutoka na maji, na bakteria wa kazi hii wamejaa kwenye matope ya mikoko pembeni. Tangi la mabuu ya jongoo linalobadilishwa maji kila siku nalo halihitaji. Mkulima wa mwani ndiye wa kuonywa zaidi. Mwani ukigeuka mweupe na kukatika vipande, bakteria wa jamii za Vibrio na Cytophaga hukutwa kwenye jeraha, lakini kwa kawaida huingia baada ya mmea kudhoofishwa na joto, jua kali au maji ya mvua. Kumwaga pakiti ya bakteria "wazuri" kwenye kamba za Paje, ambako maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, ni kuikabidhi pesa bahari. Kinachomsaidia mkulima huyo ni kuhamisha kamba kwenye maji ya kina zaidi na kuanza na mbegu changa yenye afya.

Chupa ina maana pale tu maji yanapozunguka: tangi, chujio, pampu, tangi tena. Samaki wakila kilo 1 ya chakula chenye protini asilimia 35, takriban gramu 32 za nitrojeni hurudi majini kama amonia. Maji ya bahari yenye pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya 8.2 na joto la nyuzi 28 hugeuza kati ya asilimia 7 na 10 ya amonia hiyo kuwa gesi iliyoyeyuka, na hiyo ndiyo inayounguza matamvua. Kundi la kwanza la bakteria hula amonia na kutoa nitriti. Kundi la pili hula nitriti na kutoa nitrati, ambayo samaki wengi huvumilia kwa kiwango kikubwa. Kila gramu 1 ya nitrojeni inayopita njia hiyo hula gramu 4.57 za oksijeni na kumaliza uwezo wa maji kuzuia pH isishuke, kiasi kinacholingana na gramu 12 za bikaboneti ya soda. Weka namba hizi mbili karibu. Malalamiko mengi dhidi ya chupa hutokana nazo, wala si kosa la bakteria.

Chupa ya baridi

Hii ndiyo bidhaa inayofanana na jina lake. Ndani yake mna bakteria hai wanaokula amonia na nitriti, wakiwa wamelala kwenye maji. Hawatengenezi mbegu ngumu za kustahimili ukavu, kwa hiyo hawawezi kukaushwa wakawa unga wa kukaa miaka. Wanazaana taratibu mno: kujigawa mara moja huwachukua kati ya saa 8 na siku nzima au zaidi, wakati Vibrio hufanya hivyo ndani ya nusu saa au chini yake. Kwa hiyo nusu yao wakifa njiani, huwezi kutarajia waliobaki wafidie usiku mmoja.

Lebo isomwe kwa makini. Majina yanayotakiwa ni Nitrosomonas au Nitrosococcus kwa amonia, na Nitrospira kwa nitriti. Ikitajwa Nitrobacter peke yake kwa kazi ya pili, mtengenezaji anafuata kitabu cha zamani. Tafiti za miaka ya 1990 kwenye matangi zilionyesha kuwa kazi hiyo kwa kiasi kikubwa hufanywa na bakteria wa jamii ya Nitrospira. La pili ni aina ya maji. Aina ya maji matamu ikitiwa kwenye maji ya bahari hupigwa na chumvi na kusimama. Kwenye bidhaa iitwayo FritzZyme TurboStart, namba 900 ndiyo ya maji ya chumvi na 700 ni ya maji matamu. One & Only ya DrTim's nayo huuzwa kwa aina mbili. Anayemwagiza mjomba Dubai amwandikie namba kamili, asimwachie achague kwa picha ya samaki.

La tatu ni safari, na hapa ndipo visiwa vyetu vinapoitia chupa hii aibu. Joto la nyuzi 40 na kupanda huanza kuwaua, na gari lililofungwa juani hupita hapo kabla dereva hajamaliza chai. Kuganda nako kunaua, kwa hiyo chupa isilazwe juu ya barafu tupu. Ifungwe kwa gazeti kavu, iwekwe ndani ya deli lenye barafu chini, na isimame wima. Friji iwe nyuzi 4 hadi 8, wala si sehemu ya kugandishia. Anayepeleka Pemba ahesabu safari nzima: ghala, bandari ya Malindi, boti hadi Mkoani, kisha gari hadi Wete au Micheweni. Deli likifunguliwa barafu ikiwa imekwisha kuwa maji ya vuguvugu, chupa hiyo haiwi chupa ya baridi tena. Ichukue kama ya rafu na uipime kabla ya kuiamini.

Chupa ya rafu

Huahidi kazi ile ile bila friji. Baadhi zina bakteria wa amonia waliohifadhiwa vizuri, ambao hupungua nguvu kadiri miezi inavyopita. Nyingine zina bakteria wa kula masalia ya chakula na kinyesi, ambao ni jamii nyingine kabisa. Utawatofautishaje? Tazama namba. Lebo ikijisifu kwa "bilioni kadhaa za makoloni kwa mililita", huenda hao si bakteria wa amonia. Makoloni huhesabiwa kwa kuotesha bakteria kwenye sahani ya agari (jeli ya maabara) yenye chakula cha protini na sukari, na bakteria wa amonia hawali vyakula hivyo. Hata wawe wengi vipi, sahani ya kawaida haiwahesabu.

Harufu inadanganya pande zote mbili. Chupa isiyoharibika inaweza kunuka udongo au samaki kidogo. Harufu ya yai bovu ni dalili mbaya, kwani inaonyesha oksijeni ilikwisha ndani na bakteria wengine wakaanza kutengeneza salfaidi. Chupa ya namna hiyo ikimiminwa kwenye tangi huongeza amonia badala ya kuipunguza. Kwa tarehe, tumia ile ya kutengenezwa kuliko ya kuisha. Iliyokaa zaidi ya miezi 6 kwenye duka lisilo na kiyoyozi, msimu wa kaskazi ukiwa katikati, tusingeinunua hata kwa nusu bei.

Pakiti ya unga

Unga huu karibu kila mara ni Bacillus, mara nyingi Bacillus subtilis au Bacillus licheniformis. Ndio wanaoweza kukauka, kwa sababu hujifungia ndani ya mbegu ngumu zinazostahimili joto la ghala na unyevu wa boti. Kwa biashara ya visiwani ni bidhaa ya raha: haihitaji friji na haimtishi mchukuzi. Lakini haigeuzi amonia kuwa nitrati kama inavyofanya chupa ya baridi. Anayeitia kwenye chujio jipya akisubiri amonia ishuke atasubiri bakteria wa hewani na wa mchangani wajiotee wenyewe. Katika maji ya chumvi hiyo ni wiki 4 hadi 8, kisha ataisifu pakiti kwa kazi isiyoifanya.

Kazi yake halisi ni kuozesha tope la chakula chini ya bwawa na kugombea nafasi na Vibrio. Hilo si dogo. Vibrio harveyi na Vibrio alginolyticus hukutwa kwenye vidonda vya ngozi vya vifaranga vya jongoo, na kifaranga akianza kutoa utando mweupe mgongoni siku hazipiti nyingi kabla hajayeyuka. Unga hutiwa kwenye ndoo ya maji ya tangi pamoja na molasi kidogo, hupulizwa hewa kwa saa chache, kisha humwagwa asubuhi. Usiutie jioni. Bacillus wanapoamka huvuta oksijeni nyingi, na bwawa huwa na oksijeni ndogo kabisa kabla ya alfajiri. Usiutie siku moja na antibayotiki pia, maana utakuwa unanunua wafanyakazi na kuwaua kwa mkono ule ule. Matokeo yake yanabadilika sana kati ya bwawa na bwawa, kwa hiyo asiahidiwe mtu miujiza.

Jambo moja kwa wafugaji wa jongoo. Usisafishe tangi mpaka ling'ae. Jongoo mchanga hula kwa kumeza mchanga na kuyeyusha bakteria, vimwani vidogo na masalia yaliyoshika chembe, na mabuu yake hutua kwenye vibao vyenye utando hai. Utando ule unaoteleza ukiugusa ndio chakula na ndio nyumba. Anayeusugua kwa sabuni kisha akanunua bakteria wa chupa amefunga mlango na kuagiza funguo Ulaya.

Kokoto za jirani

Tangi la maji ya chumvi lililofanya kazi miezi 6 au zaidi bila ugonjwa lina kila kitu kilichomo kwenye chupa na zaidi ya hapo. Mwaka 2005 wanasayansi walieleza Nitrosopumilus maritimus, kiumbe kidogo mno kilichotokana na kokoto za tangi la maji ya bahari ya joto katika Seattle Aquarium, Marekani. Si bakteria bali ni arkea, jamii nyingine ya viumbe vya seli moja, na anakula amonia iliyo kidogo sana ambayo wengine wanaiacha. Orodha za lebo za chupa kwa kawaida hazina jina lake. Kwenye kokoto zilizokomaa yeye au jamaa zake huja wenyewe.

Ndoo 1 ya lita 10 ya kokoto hizo kwa chujio la tangi la lita 1,000 ni mwanzo mzuri. Zisizamishwe kwenye maji ndani ya ndoo iliyofungwa, kwani oksijeni itakwisha njiani. Maji yamwagwe, kokoto zifunikwe kwa kitambaa kilicholowa maji ya bahari, na ndoo iwekwe kivulini. Safari ya Chwaka hadi mjini haiwasumbui bakteria. Usizioshe kwa maji ya bomba yenye klorini. Na usiende kuvunja matumbawe hai: ni kuharibu mwamba, na utando wake pia huja na wanyama wa kuudhi kama minyoo na anemoni wadogo wasiotoka tena.

Hatari ya njia hii ni kubeba ugonjwa. Kabla ya kuchukua, mwulize mwenye tangi kama kuna vifo, vidonda au dawa zilizotiwa miezi ya karibuni. Akisita kujibu, rudi kwenye chupa.

Jaribio la ndoo mbili

Kabla chupa yoyote haijamiminwa kwenye tangi la gharama, ipimwe. Zinatakiwa ndoo mbili za lita 20, maji safi ya bahari yaliyotekwa maji yakiwa yamejaa, mawe mawili ya hewa, na kipimo cha matone cha amonia na nitriti. Kipimo cha amonia kiwe kile kinachotoa kijani. Kile cha zamani cha manjano, cha Nessler, kina zebaki, na kalsiamu na magnesiamu ya maji ya bahari hukitia ukungu.

Yeyusha gramu 15.3 za amoniamu kloridi ya maabara katika lita 1 ya maji yaliyochujwa. Mililita 10 za myeyusho huo ndani ya ndoo ya lita 20 hutoa miligramu 2 za nitrojeni ya amonia kwa lita. Zitie kwenye ndoo zote mbili. Bakteria watiwe kwenye ndoo moja tu, kwa kipimo cha lebo mara mbili. Hewa ipulizwe mfululizo, na ndoo zifunikwe jua lisizipige, kwani bakteria hawa wakiwa huru majini hudhoofishwa na mwanga mkali.

Pima saa 24, 48 na 72. Chupa hai huonyesha amonia ikishuka na nitriti ikipanda kwenye ndoo yake, huku ile nyingine ikibaki palepale. Amonia ikishuka bila nitriti kuonekana, pima nitrati pia: ikiwa imepanda, makundi yote mawili yako kazini. Isipopanda, huenda chupa ina sukari na bakteria wa kawaida wameinyonya amonia ili wanenepe, na watakapokufa itarudi. Amonia ikipanda, ndani ya chupa mlikuwa na maiti. Ndoo zote mbili zikishuka kwa mwendo mmoja, maji yenyewe yalikuwa na bakteria wa kutosha, na chupa haikuongeza kitu kinachoonekana.

Watu wengi huiacha ndoo ya pili kwa kuona ni usumbufu. Bila hiyo jaribio halisemi lolote.

Kuwatia tangini

Kama maji yalitiwa dawa, klorini iondolewe kwanza mpaka ipimike sifuri. Kwa kila gramu 1 ya klorini iliyobaki tia gramu 7 za thiosalfeti ya sodiamu. Taa ya mionzi ya kuua vijidudu na kichujio cha povu (kinachotoa uchafu kwa povu) vizimwe kwa siku 3 hadi 5 za mwanzo, la sivyo utakuwa unatia bakteria upande mmoja na kuwatoa upande wa pili. Mimina chupa moja kwa moja juu ya kokoto au vifaa vya chujio, siyo katikati ya tangi, maana makazi yao ni juu ya kitu kigumu.

Kisha walishe. Tangi la lita 1,000 lisilo na samaki linahitaji gramu 7.6 za amoniamu kloridi ili kufikia miligramu 2 kwa lita. Usipite miligramu 4, maana amonia nyingi huwalewesha hao hao wanaoila. Nitriti itapanda sana katikati ya safari na kadi ya rangi itaiva zambarau. Hapo zimua maji ya kipimo kwa maji ya bahari safi mara 10, usome, kisha uzidishe jibu kwa 10. Usimwage tangi kwa hofu. Kwenye maji ya chumvi nitriti haiwaui samaki haraka kama kwenye maji matamu, kwa sababu kloridi huizuia kupita kwenye matamvua. Chujio liko tayari pale amonia ya miligramu 2 inapoisha pamoja na nitriti yake ndani ya saa 24. Kwa chupa hai au kokoto nzuri, tarajia wiki 1 hadi 3.

Chujio likisimama katikati, pima pH kabla ya kununua chupa nyingine. Maji ya bahari huja na akiba ya kuzuia tindikali ya karibu miligramu 115 kwa lita, ikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti. Miligramu 10 tu za nitrojeni humaliza 71 kati ya hizo. pH ikishuka chini ya 7.5 bakteria huzorota. Tia bikaboneti ya soda, ile ya kupikia, kidogo kidogo kwa siku mbili hadi irudi. Sababu ya pili ni oksijeni, hasa kokoto zikiziba kwa tope. Ya tatu ni mvua za masika kuingia kwenye tangi lisilo na paa: chumvi ikishuka ghafla kutoka sehemu 35 hadi 25 kwa elfu, tarajia siku kadhaa za uvivu.

Ya nne ni umeme. Anayekumbuka giza la Unguja kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010 hahitaji kushawishiwa kuweka pampu ya hewa ya betri. Umeme ukikatika na betri ikaisha, fungua bomba la chini la chujio maji yashuke, kokoto zibaki na unyevu huku zikigusa hewa. Zitadumu muda mrefu zaidi hivyo kuliko zikikaa ndani ya maji yaliyosimama. Zioshe kwa maji ya tangi kabla ya kuwasha tena, na hayo ya kwanza yamwagwe nje.

Uamuzi

Kokoto za jirani mwenye tangi safi: nyota 5 kwa Pemba, 4 kwa Unguja, kwa kuwa mjini ni rahisi zaidi kupata chupa iliyotunzwa. Chupa ya baridi: nyota 4 ikifika na barafu yake, nyota 1 ikifika vuguvugu. Chupa ya rafu: nyota 2, na hizo ni mpaka ndoo mbili ziseme vingine. Pakiti ya unga: nyota 3 kwa chini ya bwawa, sifuri kwa chujio. Kwa tangi la lita 1,000 nunua chupa moja, si tatu. Pesa ya hizo mbili inunue kipimo cha nitriti na pampu ya betri.